Una MSc? Sawa. Ya nini?

Ukikaa kando ya barabara hapa Mai Mahiu kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai, utaiona MSC mara nne au tano. Imeandikwa kwa herufi kubwa ubavuni mwa makontena yanayotoka Mombasa kuelekea Malaba na Uganda. Ni kampuni ya meli yenye makao yake Geneva. Ndiyo maana dada yangu alipohitimu, na mathe akachapisha bango lenye picha yake akiwa na joho, jina lake na herufi "MSC" chini, taniboi mmoja alilitazama kwa muda, kisha akauliza kama huyo msichana amepata kazi bandarini na kama anaweza kumshika mkono na yeye.

Tulicheka hadi chai ikapoa. Lakini jioni, wageni walipoondoka, shosho aliuliza swali ambalo halikumchekesha mtu.

"Sasa wewe ni daktari?"

"La, shosho. Bado."

"Injinia?"

"Hapana."

"Utafundisha shule?"

"Sidhani."

"Basi, mami, miaka yote hiyo wamekupa nini?"

Dada alisema amepata shahada ya uzamili ya sayansi, katika mambo ya maji ya ardhini. Shosho akatikisa kichwa polepole, vile anavyotikisa akisikia matangazo ya benki kwenye redio.

Nimelibeba swali hilo tangu siku hiyo. Mtaani kuna vijana wengi walio na hizo herufi, na wengine wengi zaidi wanaozitafuta usiku na mchana, lakini wachache sana wanaweza kumjibu shosho. Kwa maoni yangu MSc ni risiti tu. Inaonyesha kwamba ulichukua swali moja, ukalikalia miaka miwili au mitatu, ukaandika tasnifu, na watu wanaolielewa wakakubali kwamba jibu lako lina msingi. Mtu akishindwa kukuambia swali lake lilikuwa lipi, basi anazibeba hizo herufi vile lori linavyobeba kontena: dereva hajui kilicho ndani, anajua tu kinaenda wapi.

Tuanze na maana. MSc imetoka kwa Kilatini, magister scientiae. Magister ni mwalimu. Katika vyuo vikuu vya kale vya Ulaya, aliyepewa shahada hiyo alikuwa amepewa ruhusa ya kufundisha. Sisi Kenya tunasema uzamili. Wenzetu wa Dar es Salaam husema pia umahiri, na nakiri neno lao linanipendeza kuliko letu, kwa sababu mtu akikuambia yeye ni mahiri, papo hapo ulimi wako unauliza: mahiri wa nini? Uzamili hauulizwi. Unasikika mzito, unanyamaza.

Katika mfumo wa kitaifa wa viwango vya elimu, uliowekwa na sheria ya 2014, uzamili ni ngazi ya 9 kati ya 10. Shahada ya kwanza iko ngazi ya 7, stashahada ya uzamili ngazi ya 8, na uzamifu, ile inayokufanya uitwe daktari, ngazi ya 10. Kwa hivyo dada yangu yuko ngazi moja chini ya kileleni, na bado anasimamia duka la M-Pesa karibu na steji. Nitarudi hapo.

Si kila uzamili ni MSc. Aliyesoma fasihi atakuwa na MA, wa biashara MBA, wa afya ya jamii MPH. Lakini kuna MSc za uchumi, za uuguzi na hata za sayansi ya siasa katika vyuo vingine, kwa hivyo usidhani kila mwenye MSc amewahi kushika chupa ya maabara. Marekani wengi huandika MS, bila c. Na huko Oxford na Cambridge, aliye na BA huweza kupewa MA baada ya miaka kadhaa bila kufanya mtihani mwingine wowote. Ni desturi ya tangu zamani. Herufi zenyewe hazikuambii mambo mengi, hata zikitoka kwa majina makubwa.

Zikitumiwa, zinakaa nyuma ya jina: M kubwa, S kubwa, c ndogo. (Mathe aliweka zote kubwa kwa sababu fundi wa mabango alimwambia zinajaza nafasi vizuri.) Hazigeuki kuwa jina la kuitiwa. Hakuna "Habari yako, MSc." Na kuandika "MSc, anaendelea" kwenye CV ni kama kuvaa jezi ya timu ambayo bado inakufanyia majaribio. Andika kwa maneno kwamba unasoma, inatosha.

Lakini sisi Wakenya tunapenda vyeo, wacha tuseme ukweli. Fungua programu ya mazishi yoyote huku kwetu usome orodha ya wanakamati. Kila mtu ana kitu mbele ya jina: Mheshimiwa, Daktari, Injinia, Mchungaji, na asiye na chochote anaandikwa "Mzee". Wengine hawataki kungoja, wanajipa. Kutumia cheo cha injinia bila kusajiliwa na Bodi ya Wahandisi ni kosa chini ya sheria ya wahandisi ya 2011, hata ukiwa na MSc ya uhandisi. Wanajiolojia nao wana sheria yao ya usajili tangu 1993. Maana yake, chuo kinakupa elimu, lakini ruhusa ya kufanya kazi hiyo kwa jina lake hutoka kwingine. Tofauti hiyo wengi wetu hatuijui, na kuna watu wanaokula hapo hapo katikati.

Kuna pia wasiokuwa hata na hiyo elimu. Februari 2024, Tume ya Utumishi wa Umma ilieleza kwamba ukaguzi ulikuwa umefichua vyeti ghushi zaidi ya 2,000 katika taasisi za serikali. Karatasi ikishakuwa ndiyo mlango wa mshahara, kuna atakayeichonga. Hao tuwaachie wapelelezi. Wanaonisumbua mimi zaidi ni wale ambao cheti chao ni halali kabisa, ila wanakitumia mahali ambapo hakijui kitu.

Machi 2018 nilikuwa bado shuleni. Mvua ilinyesha vibaya, na barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok ikakatwa na ufa mkubwa karibu na Suswa. Mahali pengine ulikuwa na kina cha takriban mita 15. Mnakumbuka zile picha, zilizunguka dunia nzima: Afrika inapasuka! Kweli bara linaachana, lakini kwa milimita chache kwa mwaka, na kazi hiyo itachukua mamilioni mengi ya miaka. Wanajiolojia wengine walieleza kwa utulivu kwamba eneo hilo limefunikwa na majivu ya volkeno, udongo mwepesi uliojaza nyufa za zamani, na maji ya mvua yalikuwa yameuosha na kuuacha ufa wazi. Wengine walilihusisha moja kwa moja na kuachana kwa bara. Walibishana, na huo ndio utaratibu wa sayansi.

Kwa ground mambo yalikuwa mengine. Huku kwetu kulikuwa na msee aliyekuwa akizunguka na makoti na faili. Alijitambulisha kwa wazee kama mwanasayansi mwenye MSc, na nadhani alikuwa nayo kweli, sina sababu ya kumshuku. Aliwaambia ardhi yote upande huu itazama, wauze mapema wakiweza. Mwenzake ambaye alikuwa tayari kununua hakuwa mbali. Kumbukeni wakati huo reli ya SGR ilikuwa inakuja kupitia hapa kwenda Suswa, na kila ploti ilikuwa ikiangaliwa kwa jicho la pili. Shosho alikuwa ameshatoa hatimiliki kutoka chini ya godoro. Dada yangu, wakati huo akiwa mwaka wa pili chuoni, ndiye aliyemuuliza yule bwana swali moja tu: "MSc yako ni ya nini?" Akajibu, kwa sauti ya chini kidogo, kwamba ni ya kilimo cha bustani.

Sina ubaya na kilimo cha bustani. Maua ya Naivasha yamelisha familia nyingi, na aliyesomea waridi na wadudu wake anajua vitu ambavyo mimi nisingejua hata nikipewa miaka kumi. Lakini waridi halikuambii chochote kuhusu majivu ya Suswa. Hatimiliki ilirudi chini ya godoro. Majirani wawili walikuwa wameshauza.

Kisha ikaja Aprili 29, 2024. Sitaandika mengi kuhusu usiku huo. Maji yalishuka kutoka upande wa Kijabe gizani, watu wakiwa wamelala, yakapiga Kamuchiri na vijiji vya karibu. Zaidi ya watu 45 walithibitishwa kufa siku hiyo pekee, na miili iliendelea kupatikana. Asubuhi kila chombo cha habari kilisema bwawa limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ikasema hakukuwa na bwawa: maji yalikuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli baada ya njia yake chini ya tuta kuzibwa na takataka, miti na mawe, kisha tuta likaachilia.

Tofauti kati ya bwawa na tuta lililoziba si ya maneno. Bwawa lina mwenyewe, lina mtu wa kulikagua. Njia ya maji chini ya reli ya zamani ni ya nani? Nani alikuwa na kazi ya kutembea huko kila msimu na tochi? Nilikaa kwenye mikutano mingi baada ya mafuriko, na kila mara meza ya mbele ilijaa vyeo. Sikuwahi kusikia mtu kutoka viti vya nyuma akiruhusiwa kuuliza: kati yenu nyote mliosoma, ni nani amewahi kuyasoma maji ya mteremko huu wetu?

Na kusema kweli, mteremko huu husomwa sana. Bonde la Ufa ni maabara isiyo na paa. Longonot iko pale, Suswa iko hapa, na Olkaria imekuwa ikitoa umeme wa mvuke tangu 1981. Wakenya wengi wamepelekwa Iceland kusomea mvuke wa ardhini, na wengine wakabaki huko kukamilisha MSc. Hao hurudi na wanapata kazi inayofanana na walichosoma, kwa sababu kuna mtu hapa aliyekuwa akilingoja jibu lao. Wanafunzi wengine huja kwetu na chupa na vipimo, wanachota maji ya visima, wanachimba udongo, wanatuuliza maswali ya kurasa nane, halafu wanaondoka. Tasnifu inaenda kukaa kwenye rafu ya maktaba. Sisi hatusikii neno. Mwanafunzi mmoja alichukua maji ya kisima chetu nikiwa darasa la sita na akaahidi kuleta majibu. Mathe alikuwa akiuliza habari zake kila alipoona gari geni.

Majibu hayo yangetusaidia, kwa sababu maji yetu yana jambo. Jina lenyewe Mai Mahiu ni Gĩkũyũ, maji moto. Maji yanayopita kwenye miamba ya volkeno huyeyusha madini, na moja kati ya hayo ni floraidi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja. Visima vingi vya Bonde la Ufa vinapita hapo. Kama umewahi kwenda shule ya bweni mbali na nyumbani ukitokea Naivasha au Nakuru, unajua utani wa meno ya kahawia. Mimi nilijifunza kucheka mdomo ukiwa umefungwa. Picha zangu zote za kidato cha kwanza, utadhani nilikuwa nimekasirika.

Hilo ndilo swali ambalo dada alilichukua. Alitembea na mwenye mkokoteni wa punda kutoka kisima hadi kisima, akiweka alama kwenye chupa. Nilidhani ni kazi ya kujaza chupa tu. Baadaye nilimwona akirudia kisima kimoja mara tatu kwa sababu namba zilikataa kukubaliana, akalia, akarudia tena. Msimamizi wake alimrudishia sura moja mara sita. Mwisho wa yote alikuwa anajua kitu kidogo sana, kidogo hata ukakitia mfukoni, lakini anakijua vizuri kuliko mtu yeyote katika eneo hili: ni maji ya wapi yanafaa kunywewa na watoto na ni ya wapi hayafai.

Kwa hivyo kabla hujajiandikisha, wewe unayesoma hii ukiwa umemaliza digrii na simu haiiti, nakuomba ujiulize kama una swali. Najua wengi wanakimbilia uzamili kwa sababu kukaa nyumbani bila kazi kunauma, na "ninasoma" ni jibu la heshima kwa mashangazi. Lakini ada yake ni laki kadhaa, na mlango uliokuwa ukifunguliwa na MSc umesogezwa. Zamani ungeweza kuota kuwa mhadhiri nayo. Mwaka wa 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa vigezo vinavyotaka mhadhiri awe na uzamifu, na mwenye uzamili akabaki kwenye ngazi ya chini, akitarajiwa aendelee kusoma. Kwingine unaambiwa umesoma kupita kiasi. Dada aliwahi kushauriwa na mtu wa kuajiri aiondoe MSc kwenye CV ili asimtishe bosi. Aliitoa. Hakupata kazi hiyo vilevile, akairudisha.

Nikimwambia haya huwa ananikatiza. Anasema naipima shahada kwa mshahara kama yule msee wa makoti alivyoipima kwa ploti. Labda ana haki. Lakini yeye ndiye anayehesabu pesa za watu kwenye dirisha la M-Pesa hadi saa mbili usiku, na mimi ndiye ninayemwona, kwa hivyo niruhusiwe kukasirika kidogo kwa niaba yake.

Alirudisha majibu, lakini. Hakuna aliyemlazimisha. Jumapili moja baada ya ibada aliomba dakika kumi, akasimama kwenye ua wa kanisa na karatasi moja. Hakujitambulisha kwa herufi. Alisema yeye ni mtoto wa nani, ndiye aliyekuwa akichota maji kwenye chupa, na haya ndiyo aliyoyapata. Alisema kuchemsha maji hakuondoi floraidi, kunaizidisha, kwa sababu maji yanapungua na yenyewe inabaki. Kina mama walinyamaza. Shosho amechemsha maji maisha yake yote. Alisema meno huharibika yakiwa bado yanajitengeneza ndani ya fizi, kwa hivyo maji ya mvua, yakipatikana, wapewe kwanza watoto walio chini ya miaka minane. Watu wazima wamechelewa kwa upande wa meno, ingawa floraidi nyingi kwa miaka mingi hudhuru hata mifupa. Alieleza juu ya vichujio vya makaa ya mifupa ya ng'ombe, ambavyo Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru imevishughulikia kwa miaka mingi. Kuna waliokunja uso kwa kusikia mifupa. Mzee mmoja akauliza kama ni lazima iwe ya ng'ombe.

Aliyekasirika ni mwenye mkokoteni, yule yule aliyemzungusha. Kisima anachochukulia maji kilikuwa kwenye orodha mbaya. "Madam, mimi nilikusaidia, na sasa unaniharibia biashara mbele ya kanisa?" Dada hakuwa na jibu la tasnifu kwa hilo. Alimwonyesha kwenye karatasi kisima kingine, mbali kidogo. Akasema punda atachoka. Akaondoka bila kuaga.

Wiki iliyofuata alikuja pale M-Pesa na chupa mbili za soda zilizojazwa maji, kila moja imefungwa uzi wa rangi yake. Moja ni ya kile kisima cha mbali, nyingine ni ya kisima kipya ambacho hakikuwa kwenye karatasi. Anataka kujua kabla hajabadilisha njia. Dada alizipokea. Hakumwambia kwamba tangu ahitimu hana tena ruhusa ya kuingia maabara ya chuo, na kwamba kupima kwingine ni kwa pesa. Chupa ziko dirishani, nyuma ya bango la namba ya wakala, na amekuwa akipiga simu kumtafuta mtu wa kumsaidia kuzipima.